Kava la Daftari la Hesabu

Sogea nikusimulie, hasa kama uliwahi kuweka kava la gazeti kwenye daftari. Juzi nilikoroga uji mzito wa kugundishia kava za binti yangu mdogo, nikashuka Moshi mjini kutafuta gazeti kuukuu. Muuza magazeti wa karibu na stendi siku hizi anauza makava ya simu. "Magazeti, mama? Yanakuja matatu tu, nayo yana wenyewe." Nilirudi mikono mitupu, lakini harufu ya ule uji ilikuwa imeshanirudisha kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba na kahawa la ukoo, juu ya Himo.

Kila wiki Babu aliletewa gazeti moja na gari lililotoka Himo. Alisoma bei ya kahawa na habari za mpira, kisha likazunguka kwa majirani. Likirudi limelegea kama kitambaa, lilikuwa langu.

Ijumaa moja mama mdogo Aikande alirudi mbio kutoka kupeleka maziwa. Jirani alikuwa amemwambia jina lake limo gazetini, kwenye orodha ya waliochaguliwa chuo cha uuguzi. Siku ya kuripoti jirani hakuikumbuka.

"Baba, gazeti liko wapi?"

"Muulize Manka. Mimi nilisoma kahawa."

Nilijibu kwa sauti ndogo. "Nimewekea kava daftari la hesabu. Na daftari liko kwa mwalimu."

"Ole wako uwe umekata majina!"

Tulimkuta mwalimu akikamua ng'ombe. Tukamwamkia. "Marahaba," akasema. "Manka, umefuata maksi? Ungebaki tu nyumbani, mwanangu."

Akatutolea daftari. Juu ya kava kulikuwa na tangazo la sabuni. Orodha ilikuwa upande wa ndani, nimeigundisha kwa uji wangu mwenyewe. Mke wa mwalimu akaweka birika jikoni, na mama mdogo akaishikilia karatasi juu ya mvuke, akiibandua polepole kwa ukucha. Jina lake likatokea. Halafu siku: Jumatatu.

"Jumatatu hii?"

"Hii hii," alisema mwalimu. "Na madaftari nilipanga kuyarudisha Jumatano."

Mama mdogo akatoka nje, akaketi majanini, akacheka huku analia. Mimi nikashusha pumzi kwa sababu nilijua sasa sichapwi.

Mama mdogo aliuguza watu mpaka akastaafu. Mwaka jana orodha ya waliochaguliwa chuo, yenye jina la binti yangu mkubwa, iliingia kwenye simu zetu zote tukiwa tunamenya ndizi. Niliweka kisu chini, ndipo nikaelewa yale machozi ya mama mdogo majanini: maisha yake yote yalikuwa yamekaa kwenye karatasi moja, nami nilikuwa nimeipaka uji. Namhurumia muuza magazeti, na gazeti la Babu nalikumbuka sana. Lakini nilishusha pumzi tena, safari hii kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine, ambaye jina lake halitagundishwa tena ndani ya kava la daftari.

Basi ukibahatika kupata gazeti kuukuu, kabla hujalikata, ligeuze usome pande zote mbili.