Sauti ya Baba Mkubwa Kutoka Kaliua

Kwetu binti haagwi mpaka mkubwa wa ukoo aseme naye mbele ya watu, na yeye amjibu. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo wa kumsemea mdogo wangu aliyekuwa anaolewa alikuwa baba mkubwa, na baba mkubwa alikuwa Kaliua, kitandani, nyonga imevunjika. Tangu aanguke, ndugu walianza kumzungumzia kana kwamba hayupo. Eti anasahau, eti anachanganya mambo. Baba mdogo alishaombwa akae tayari kushika nafasi yake, siku hiyo na siku zote. Liliniuma sana jambo hilo, maana huwa naongea na mzee kwenye simu kila Jumapili, na anakumbuka hadi mbuzi wangu yupi alizaa mapacha.

Nikawaambia atasikika hapa Gongoni, uani kwetu, kama amekaa kiti cha mbele. Nilisema kwa kujigamba, nakiri.

Kompyuta yangu ni kuukuu na inatumia Linux, mfumo ule unaotengenezwa na watu wengi na kugawiwa bure. Nilichoupendea ni kwamba njia za sauti unazipanga mwenyewe. Kwenye skrini kuna visanduku: maikrofoni, nyimbo, simu ya video, spika. Unavuta mstari kutoka kisanduku hiki hadi kile, na sauti inafuata mstari. Nina mpangilio mmoja wa kurekodi kwaya na mwingine wa kufundishia. Kwa shughuli ile nilitengeneza wa tatu: nyimbo ziende kwenye spika, sauti ya baba mkubwa nayo iende kwenye spika, na yeye huko apelekewe kila kinachotoka kwenye spika pamoja na maikrofoni, asipitwe na kitu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Alasiri, wageni wakiwa wamekaa, mama mkubwa akamshikia mumewe simu kule Kaliua. Sauti ya mzee ikatoka, nzito, safi.

"Wanangu, hamjambo?"

Watu wakaitikia. Kisha akamsemesha mdogo wangu.

"Mwanangu, leo unatoka nyumbani..."

Akaishia hapo. Tukasubiri. Akaanza tena, akaishia katikati tena. Kisha tukamsikia akisema taratibu, "Kuna mkubwa anaongea huko. Mwacheni amalize kwanza."

Hakuna aliyekuwa anaongea. Minong'ono ikapita kwenye viti. Shangazi akatikisa kichwa, akasema, "Masikini, ndiyo hivyo tena." Baba mdogo akasimama na kufunga vifungo vya koti.

Nikatazama skrini, nikafuata mstari mmoja mmoja. Ule mstari wa kutoka kwenye spika ulikuwa unamrudishia mzee kila alichosema, baada ya kitambo kidogo, kwa sauti ya mtu mzima mwenye heshima zake. Na yeye, kwa malezi yake, hamkatizi mtu mzima. Alikuwa anajipisha mwenyewe! Ningeweza kuufuta mstari kimyakimya tukaendelea, na watu wangebaki na walichokiamini. Niliona aibu ya kusema, ila aibu ya kumwacha hivyo ilinishinda.

Nikaufuta, nikabakiza maikrofoni peke yake imfikie, nikaishika.

"Shikamoo, baba mkubwa. Samahani. Huyo uliyekuwa unamsubiri ni wewe mwenyewe. Nimeunganisha vibaya, sauti yako ikawa inakurudia. Kosa ni langu, si lako."



"Marahaba," akasema. "Basi alikuwa anasema maneno mazuri, ndiyo maana nikakaa kimya nimsikilize."

Watu walicheka mpaka shangazi akajifuta macho kwa kanga. Baada ya hapo mzee hakukatika tena. Alimweleza mdogo wangu msimu aliozaliwa, nani alimbeba mgongoni mama alipougua, na homa iliyonusura kumchukua akiwa na miaka minne. Yote kwa mpangilio, bila kubabaika.

"Unanisikia, mwanangu?"

"Nakusikia, baba."

"Basi nenda. Nimekuruhusu."

Baba mdogo alikuwa bado amesimama. Akaja mezani kwangu, akanyoosha mkono kuomba maikrofoni. Nilisita, halafu nikampa.

"Shikamoo, kaka," akasema. "Binti yangu naye anaolewa mwakani. Nakuomba umsemee wewe."