Mechi Ambazo Baba Hakuziandika

Wewe ninayekuamini, sogea karibu nikuhadithie. Hii nimeisimulia sana jikoni, mikono ina unga. Kuiandika ndio mara ya kwanza.

Baba yangu ana daftari. Lilikuwa la kijani, sasa lina rangi ya chai. Alilianza tulipokuwa tunakaa mtaa wa Ghulail, miaka mingi baada ya wazee kutoka Unguja na kuhamia huku Jeddah. Redio ilikaa dirishani, na baba akakaa chini yake, kalamu sikioni. Saudia ikicheza kombe na taifa jingine la Kiarabu, aliandika tarehe ya Hijria, jina la timu, mabao, na pembeni neno moja mawili ya nyumbani: Mama yenu kapika mkate wa kumimina. Maji yamekatika. Mimi kusoma nilijifunzia kwenye daftari hilo, kabla ya skuli. Mpaka leo nikisikia Kuwait pua yangu inanusa iliki ya mkate ule.

Skuli yenyewe niliiacha mapema. Nikaolewa, nikalea, na watoto walipokua nikaanza masomo ya jioni kwenye kituo cha wanawake mtaa wa Al-Safa. Nikishaswali Magharibi nakunja mswala, huyo naenda. Tulifundishwa kompyuta, halafu takwimu. Ustadha wetu akataka kila mmoja achague kitu anachokipenda, akipime kwa hesabu badala ya kwa mdomo. Mimi nikasema nitalinganisha timu za taifa za Waarabu zilivyocheza kwenye makombe. Ushindi, mabao ya kufunga, mabao ya kufungwa, yote niyagawe kwa mechi, ili aliyecheza sana asimpite mwenzake kwa wingi tu. Wenzangu wakacheka, wakaniita kocha.

Nikachukua orodha ya mtandaoni, nikaongeza na daftari la baba, maana mechi za zamani nyingine mtandaoni zina mapengo. Ustadha alituambia mechi ikijirudia kompyuta itaiona na kuifuta yenyewe. Basi mistari ya baba niliiingiza kama alivyoiandika, na tarehe zake za Hijria, na vijineno vyake vya pembeni. Kuibadilisha hati ya mzazi sikuweza. Nilikaa hivyo jioni nyingi, macho kwenye jedwali. Misri inapita, Iraq inapita, na nyuma yao marehemu mama yangu anapita na sinia. Ikafika mahali sijui tena nahesabu mabao au nahesabu siku zetu.

Jedwali likatoka, Saudia juu, Morocco chini yake. Darasa zima likafurahi. Ustadha akanichagua niende Riyadh, kwenye makao makuu ya kituo, nikaonyeshe kazi yangu. Kulikuwa na hospitali inatafuta mwanamke wa kuingiza takwimu, na wakubwa wake watakuwepo wanatazama. Nilikuwa naitaka kazi ile. Miaka ishirini na ushei nimesimama jikoni kwangu, nilitaka kiti na meza na beji yenye jina langu. Hakuna sijda niliyoinuka bila ya kuiomba.

Riyadh nilifikia kwa binti yangu, anayesoma chuo huko. Mji ule hauna bahari. Una mwanga mweupe, na vumbi laini likipanda majumba yote yanaelea. Siku moja kabla ya maonyesho, baada ya Adhuhuri, tulikaa zuliani, birika la kahawa katikati yetu, anapitia jedwali langu.

"Mama, hii siku yangu."

Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mtandaoni, tarehe ya Desemba iliyomo kwenye pasi yake. Nikamwambia ndiyo, siku uliyozaliwa kombe la Waarabu lilikuwa linachezwa Kuwait, babu yako kaja hospitali na redio mfukoni. Akateremsha kidole mpaka kwenye mstari mwingine, mwezi wa Shawwali. Pembeni pana maneno ya baba: Leo mjukuu kazaliwa.

"Na hii nayo siku yangu," akasema. "Kwani umenizaa mara ngapi?"

Tukacheka. Kisha mimi nikaacha kucheka. Timu zile zile, mabao yale yale, tarehe moja ya Hijria na moja ya Miladia. Kompyuta haina babu. Kwake hizo zilikuwa siku mbili. Nikatazama mechi nyingine, na nyingine, karibu zote za daftari zimeingia mara mbili. Nikajipa moyo kwamba labda na kufungwa kumeingia mara mbili, mizani ikabaki sawa. Nikampigia baba. Baada ya shikamoo na habari za magoti yake, nikamuuliza mbona daftarini sioni mechi hata moja tuliyofungwa.

"Tukifungwa nilikuwa nazima redio nalala," akasema. "Kufungwa nako kunataka wino?"

Basi ndivyo Saudia ilivyopanda. Kushinda mara mbili mbili, kushindwa mara moja.

Binti yangu alinitazama. Akasema hao wa kesho wanapenda kuiona Saudia juu, nani atakaa ahakiki daftari la babu?

"Yuko asiyesinzia, mwanangu," nikamwambia. "Lete kalamu."

Tukazigeuza tarehe moja moja mpaka adhana ya Magharibi. Kila mstari tulioufuta Saudia iliteremka kidogo, polepole, kama pazia, na nje vumbi nalo linatua. Tulipomaliza, Morocco ndiyo iliyokuwa juu.

Kesho yake ukumbini nilionyesha majedwali yote mawili, nikaanza na lile la makosa. Nikawaeleza habari ya daftari. Bwana mmoja wa hospitali akauliza, ya ummi, mama yangu, wewe mwenyewe timu yako ipi?

"Saudia," nikasema. "Ndiyo maana nilikosea bila ya kuona."

Walicheka kwa wema. Cheti nikapewa. Kazi akapewa mwengine, ambaye jedwali lake halikuwa na historia ya makosa. Nililia kidogo wakati wa kutawadha, ili machozi yapite pamoja na maji.

Nilivyorudi Jeddah, baba akaniuliza nani yuko juu. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, alikuwa ananitazama begani. Nikamwambia. Nikamwambia na sababu. Akaigeuza tasbihi mkononi.

"Halas, basi," akasema. "Kalete daftari. Andika."

Akaanza kuzitaja zile tulizofungwa. Tarehe, timu, mabao. Alikuwa nazo zote, hajasahau hata moja, miaka yote ile aliyozima redio kumbe hakuwa akilala. Na pembeni ananiambia niandike: siku hii mama yenu alilia, lakini si kwa ajili ya mpira.

Sasa kila baada ya Alasiri ninakaa chini ya dirisha nikiandika. Nimechora safu mbili za tarehe, Hijria na Miladia, ubavu kwa ubavu. Hospitali nyingine ikitafuta mtu, nitakwenda na daftari lote.

Ukimwona mwenzio anayekwenda masomo ya jioni, au yeyote mwenye mzee na redio nyumbani, msimulie habari hii. Lakini msimulie yote, na kazi niliyoikosa uitaje. Usimpe ushindi peke yake.