Chumba cha Kufungia Akina Baba

Nilipokuwa mtoto niliamini, na ningeapa mbele ya hakimu yeyote, kwamba hospitali moja ya kule Kitui ilikuwa na chumba cha kufungia akina baba. Mtoto akilazwa, karani wa malipo huuliza, "Baba yake ni nani?" Atakayejitokeza huingizwa humo, hufungwa mnyororo mguuni, hupewa uji usio na sukari, na hatoki mpaka bili iishe. Jirani peke yake ndiye anayeachwa aende zake akatafute pesa. Niliwahurumia sana wale akina baba, hata nikawa nawasikia wakikohoa nyuma ya ukuta wa wodi.

Haya yote yalinirudia Agosti iliyopita, nilipokwenda Kabati, kulekule Kitui, kumtembelea kaka yangu wa kambo. Niliposhuka sokoni nikakuta mama mmoja akiuza asali kwenye chupa za soda, ile nyeusi yenye harufu ya moshi, na miguu ikashika njia ya kwetu bila kuniuliza. Nasema kwetu, ingawa nilikaa pale miaka michache tu. Wewe pia una mahali kama hapo, usinicheke.

Mama alinileta Kabati kutoka Makueni, upande wa Emali, nikiwa mdogo. Aliolewa na mrina asali aliyefiwa na mkewe na kubaki na mwana mmoja, aliyenizidi umri kidogo. Tuliunganika mara moja kama watu waliopoteana. Asubuhi mimi na kaka tulipeleka punda mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu; ulichimba, ukangoja, maji yakaja taratibu kama mgeni mwenye haya. Mchana ulikuwa wa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, yamepikwa na mbaazi hadi yanalainika, na juu yake baba alidondosha asali kwangu na kwa kaka sawasawa. Nilikagua. Jicho langu lilikuwa kali kuliko mizani ya sokoni.

Baba huyo alinipenda, au nilidhani hivyo. Kwa sababu nilikuwa mwepesi kama unyoya wa kuku, mimi ndiye niliyepanda migunga kutundika mizinga yake ya magogo. Aliniita rubani.

"Huyu rubani wangu akipaa," aliwaambia wateja, "nyuki wenyewe wanapiga saluti."

Siku moja mwenye duka akamtania, "Mzee, ni rubani wako au wa mama yake?"

"Wee, kunywa chai yako," baba akajibu. "Mtoto akishakula kwangu ni wangu."

Siku hiyo nilirefuka. Suruali yangu ilinibana hadi nikaionea huruma.

Basi ikaja siku ya mgunga ule mrefu, ambao ukifika kileleni, nakuhakikishia, unaona bahari ya Mombasa. Kamba iliteleza, mzinga ukanisukuma, nikaanguka. Nilianguka muda mrefu sana, hata nikapata nafasi ya kuwaza chakula cha mchana. Mfupa wa paja ukavunjika. Baba alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akisema, "Vumilia, rubani, vumilia," na machozi yake niliyaona kwa macho yangu.

Hospitalini walinilaza kwenye kitanda cha magurudumu, karibu kabisa na dirisha la malipo. Karani akamuuliza, "Wewe ni nani wa mtoto?"

Baba akavua kofia. Akanitazama, akatazama mlango.

"Mimi? Mimi ni jirani tu. Nimemsaidia. Mama yake yuko njiani."

Nilicheka, wallahi, pamoja na maumivu yale yote, nikidhani ni mzaha wake. Akanipapasa kichwa, akavaa kofia, akatoka. Hakurudi tena.

Mguu wangu ulitundikwa juu kwa mawe kama mzinga, na kila nikisikia viatu vya mwanamume kwenye veranda nilinyanyua shingo. Jumamosi moja mama alimleta kaka aje kuniona. Nilimuuliza kwa nini baba alisema yeye ni jirani, nikalia hadi sista akaja kuangalia. Kaka akainama, akaninong'oneza habari za kile chumba. Machozi yakakatika palepale. Kumbe baba ni mjanja! Tangu siku hiyo nikaanza kuomba asikaribie hospitali, wasije wakamkamata.

Aliyekuja ni nyanya, kutoka Makueni, na kiondo chake begani. Akasimama kwenye dirisha lile na kusema ili wodi nzima isikie, "Andika huyu mtoto ni wetu. Huyo mwanamume hajaleta hata mbuzi mmoja wa ntheo."

Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo ndio wanaopelekwa nyumbani kwa msichana ili ndoa ihesabike. Kama hawajafika, mke ni wa kwao na watoto wake ni wa kwao. Kwa hiyo kimila mzee hakudanganya. Alikuwa jirani. Mbuzi waliopaswa kuingia zizini kwa nyanya hawakuingia, na badala yake wa kwake wakatoka kwenda sokoni kwa ajili ya paja langu.

Tulihamia kwa nyanya, mama na mimi na mkongojo wangu. Nilimngoja baba. Kila lori lililopumzika Emali nililikagua. Nilieneza habari za kile chumba shuleni hadi nusu ya watoto wa Emali wakaogopa kuugua. Hata ukubwani, nikisoma madarasa ya jioni, mwalimu alipouliza nani anapaswa kugharamia matibabu ya mtoto, nilisimama nikaeleza ile mbinu ya jirani. Darasa lilicheka hadi dawati likavunjika.

"Na huyo jirani," mwalimu akauliza, "alirudi na pesa?"

"Bado anatafuta, mwalimu."

Sasa mzee ameshazikwa. Migunga yote imekuwa makaa, mizinga ya magogo hakuna, na punda amepisha pikipiki. Kaka alinipakulia muthokoi, mkewe akaleta asali, nami nikainua kijiko kumsifu marehemu.

"Mzee alikuwa na akili! Alivyokikwepa kile chumba!"

"Chumba gani, kaka?"

Nikamkumbusha, na mnyororo, na uji usio na sukari. Akaweka sahani chini.

"Hakukuwa na chumba," akasema. "Nilikitunga mimi, kwa sababu ulikuwa unalia na sikujua nikuambie nini. Mwaka uliofuata niliumwa na nyoka, mzee akanipeleka hospitali ileile. Karani akamuuliza yeye ni nani wangu. Akasema, 'Mimi ni baba yake.'"