Makoti ya Klabu ya Makasia

Klabu ya makasia ilianza hapa Mbeya mwaka ule mchele wa Chimala ulipopanda bei mpaka sikukuu ya Idi tukala pilau ya viazi. Viungo vimo, nyama imo, mchele hamna. Watu walikula kimya kama wako msibani.

Siku chache baadaye kitindamimba wangu na wenzake wakashusha mtumbwi kwenye lori, umetoka Kyela, kule ziwani, wakauburuta hadi bwawani huku juu mlimani. Mtaa mzima ulicheka. Jirani akawauliza, "Mnakwenda kuvua ukungu?" Mwanangu akamjibu, "Tukiupata tutakuuzia kwa fungu, shangazi." Walikuwa mafundi gereji, wauza nguo, na mwalimu mmoja aliyejifanya mwenyekiti. Kila Jumapili wanapiga kasia, mimi nawapikia uji. Sikuvuka darasa la pili, lakini klabu ile naijua kuliko wenye makaratasi.

Mwaka wa nne wakaja watu wa Iringa kushindana nao. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Mwenyekiti akafungua belo la mitumba, akatoa makoti mazito ya sufu, rangi moja, akaniletea nishone beji na vifungo. Vifungo nikavipiga uzi mara mbili, maana nilijua wanavyovuta kasia. Kazi ile nilijivunia. Nasema kweli.

Mtu wa ziwani asingefanya ujinga wa kupiga kasia na koti. Yeye anaingia majini na kaptura. Sisi wa huku tunaogopa baridi kuliko maji.

Mwanangu alitaka kulivua koti lake. Nilikuwa pale na sufuria yangu, nikasikia kwa masikio haya mwenyekiti akimwambia, "Hakuna kuvua. Mgeni rasmi anapigwa picha na nyie, mtaonekana wahuni." Mwanangu akalifunga mpaka shingoni. Wakaingia mtumbwini wanne. Katikati ya bwawa mtumbwi ukapinduka. Watatu walikuwa karibu, wakaushika. Wangu alirushwa mbali. Koti likanywa maji. Niliona mikono yake ikihangaika kifuani, halafu sikuiona tena.

Walipomtoa, vifungo vyote vilikuwa mahali pake.

Aliacha binti wa miaka kumi, nikamlea. Sasa ana kumi na sita, na hakuna mwanamume wa klabu anayemfikia kwa kasia. Viganja vyake vigumu kama vya mpasua mawe. Watu wananiuliza kwa nini nilimruhusu. Sikumruhusu. Alikwenda. Na akitokea wa kwanza mimi ndiye napiga vigelegele kuliko wote, huku macho hayabanduki majini.

Mwaka huu klabu imetimiza miaka kumi. Mwenyekiti akaja nyumbani na karatasi, historia ya klabu, isomwe kwenye sherehe. Boti mpya itaitwa jina la mwanangu. Limebaki dole gumba langu tu, kwamba familia imekubali. Nikampa mjukuu asome kwa sauti. Akasoma vizuri mpaka alipofika kwamba marehemu alivaa koti kwa hiari yake, kinyume cha maelekezo ya uongozi. Akarudi akausoma tena mstari ule, polepole.

"Bibi, yameshapita," mwenyekiti akasema. "Ni maneno tu ya karatasi."

"Kama ni maneno tu, andika mengine. Andika vifungo nilishona mimi. Hilo nalikubali."

"Wafadhili watatukimbia, Bibi. Klabu itakufa. Na timu ya kwenda kushindana ziwani inatangazwa Ijumaa. Unataka huyu abaki hapa anakusongea ugali?"

Akafungua pedi ya wino, akaisogeza mbele yangu.

"Uliamuru wewe. Uongo huo siuwekei dole," nikamwambia.

Akamgeukia mtoto. "Haya, mwambie bibi yako. Si unataka kwenda?"

Alikuwa anataka. Tangu Ramadhani hana habari nyingine, ziwa, ziwa. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaiweka karatasi mezani, akaingia jikoni. Nikasikia akipanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

"Unamharibia mtoto," mwenyekiti akasema, akaichukua karatasi, akaitandaza tena mbele yangu. "Kwa mara ya mwisho, Bibi."

"Uliamuru wewe. Uongo huo siuwekei dole."