Sindano ya Kumzindua Mume Wangu Naijua Mimi Peke Yangu

Admin, ukiiweka hii kwa page toa jina langu kabisa, maana watu wa kwetu wengi wako hapa. Mimi ni mama wa miaka 39, nimeolewa miaka kumi na tano, naishi upande wa Awasi na ninashona nguo sokoni. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Nitamwita Baba Achieng, ingawa mtoto wetu haitwi hivyo. Halewi, hajawahi kuniinulia mkono. Nasema hivyo mapema ili msiniambie tu niachane naye.

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu aligunduliwa ana ugonjwa wa sukari, ule wa kujidunga insulini kila siku. Siku hiyo aliniomba nisimwambie mtu, nikakubali. Mpaka leo shuleni hawajui, na ndugu zake wanafikiri ni presha.

Watu huogopa sukari ikipanda. Kwangu mimi balaa ni ikishuka. Akijidunga halafu achelewe kula, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka, anakuwa mkali, anakataa hata chai. Nikiwahi nampa glukosi ama soda, anarudi sawa. Nikichelewa anaanguka, hajitambui, na hapo huwezi kumnywesha kitu kwa sababu kitampalia. Nesi wa kliniki ndiye alinifundisha sindano ya glukagoni. Ni dawa ya unga kwa kichupa, unaichanganya na maji yaliyo kwenye bomba la sindano, unamdunga pajani, unamlaza ubavu, unangoja. Duka la dawa huko Kisumu hutuagizia na huchukua wiki kadhaa kufika. Basi ninaibeba kila mahali, kanisani, sokoni, hata matangani. Miaka yote hii sijalala mbali naye. Nikioga naacha mlango wazi ili nimsikie.

Mwezi uliopita tulienda kwa mama mkwe, Sondu, kulikuwa na maombi ya shukrani. Chakula kilikuwa tayari mezani, kwa hivyo Baba Achieng akaingia chumbani akajidunga. Alipotoka mhubiri akasema tuombe kwanza. Aliomba, akamwachia mwenzake naye akaomba, kisha wazee wakaanza kutoa shukrani mmoja mmoja. Nilimwona mume wangu shati limelowa mgongoni. Nikampitishia glukosi chini ya meza. Aliiona, akageuza uso, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Haukupita muda akaanguka na kiti.

Ndugu yake mdogo alikuja mbio na soda, akamfungua mdomo. Nikamshika mkono.

"Shemeji, usimpe. Itampalia."

"Kwa hivyo tumwangalie tu akifa?"

Nilitoa dawa, nikachanganya, nikamdunga juu ya suruali. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na nadhani hiyo ndiyo iliwatisha zaidi.

Mama mkwe alisimama juu yangu. "Nyar Uyoma," yaani binti wa Uyoma, huniita hivyo kwa sababu ndiko kwetu, "unamdunga mtoto wangu nini?"

"Dawa yake, mama."

"Dawa ya nini?"

Niliahidi, na hata hapo sakafuni, kichwa chake kikiwa mkononi mwangu, niliitunza hiyo ahadi.

Sasa niseme kitu ambacho sijamwambia mtu. Tulingoja kama dakika kumi na tano. Wengine walikuwa wanalia na kukemea mapepo. Mimi sikuomba. Nilikuwa nimekaa chini, kila kitu ninachojua kufanya nimeshafanya, na mwili wangu ukalegea kama mtu anayepumzika. Nikawaza, asipoamka, leo nitalala. Niliwaza hivyo juu ya mtu ninayempenda.

Akafungua macho, akatapika. Nikampa ile soda polepole, halafu chapati. Nikasema twende hospitali, akakataa. Mama yake alipomuuliza shida ni nini, alisema, "Ni malaria tu. Huyu huwa na wasiwasi mwingi." Watu wote wakaniangalia. Njiani tukirudi aliniambia kwamba ningemngoja kidogo angeamka mwenyewe.

Tangu hapo mama mkwe anawaambia majirani kuwa nina sindano ya kumtawala mtoto wake. Hayo nimeyavumilia. Lakini wiki iliyopita mama yangu mzazi alianguka huko kwetu Uyoma, Luanda Kotieno, akavunjika nyonga. Binti yake ni mimi peke yangu, na anahitaji mtu wa kumwogesha na kumgeuza, angalau mwezi mzima.

Nilimwambia Baba Achieng, "Niruhusu nimfundishe ndugu yako, aje akae nawe nikiwa kwa mama. Ni dakika kumi tu."

Hakuinua macho kwa vitabu alivyokuwa anasahihisha. "Ukimwambia, utakuwa umeniaibisha mara ya pili. Wewe enda. Nitajichunga."

Hawezi kujichunga. Siku hizi sukari ikishuka hata hasikii dalili, ni mimi humwona kabla yeye hajajua.

Jana shemeji alinipigia simu. Alisema, "Shemeji, ile siku haikuwa malaria. Kama kuna kitu natakiwa kujua, niambie." Nikamwambia niko kazini, nitampigia baadaye. Sikuwa kazini. Nilikuwa nimekaa kitandani, nguo za safari ziko kando yangu na bado sijazipanga.

Nikimwambia, navunja neno nililoshika miaka kumi na miwili, na ninamjua mume wangu, hatanisamehe haraka. Nikinyamaza niende, naweza kuitwa nije kuzika. Nikibaki, mama yangu analala kwa mikono ya majirani. Wenye mmeishi na mgonjwa anayeficha ugonjwa wake, nisaidieni mawazo. Hata mkinikaripia nitasoma. Shemeji bado anangoja simu yangu. Ingekuwa ni nyinyi, mngempigia?