Kivuli cha Mlingoti

Mwalimu Nathanaeli alikuwa mkuu wa shule ya msingi jirani na Misigiri, na Mungu alipogawa maneno, yeye alipanga foleni mara mbili. Paredi ya asubuhi ikianza, anafungua na nidhamu, anapitia kilimo cha alizeti, anarudi utotoni kwake, na huku jikoni uji unaganda. Watoto wa darasa la kwanza walishajifunza kusinzia wamesimama.

Basi akaitwa semina Singida Mjini, akarudi na moto mpya: wanafunzi washirikishwe kuboresha shule! Akaunda baraza la wanafunzi, akaita na wazazi waje kushuhudia.

"Watakachoamua watoto, nitakitekeleza," akatangaza. "Nimesema!"

Moyoni alitarajia wataomba maua.

Ritha, kiranja mkuu, akasimama. "Shikamoo Mwalimu. Tumeamua hotuba ya paredi ipunguzwe."

Wazazi wakapatwa na kikohozi cha ghafla. Kuongea ndiko kulikokuwa uhai wa mzee yule, lakini ahadi ni deni. Likawekwa uwanjani jiwe lililopakwa chokaa: kivuli cha mlingoti wa bendera kikifupika mpaka hapo, Mwalimu ananyamaza, hata kama yuko katikati ya sentensi. Siku ya kwanza alikatizwa ndiyo kwanza anaingia kwenye alizeti. Aliumia jamani, asikudanganye mtu.

Ajabu, baada ya hapo hotuba zikaanza kurefuka tena. Jiwe lilikuwa linatembea! Kila kukicha limesogea karibu zaidi na mlingoti, na kivuli kinachelewa kulifikia. Walimu wakawasingizia mbuzi. Mwalimu Nathanaeli naye akasimama paredini kuwalaani mbuzi hao, kwa kirefu, mpaka Ritha alipomtazama miguuni. Kiatu chake cheusi cha kulia kilikuwa na ncha nyeupe pee.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee wa watu akakitazama kiatu, akacheka na yeye, kisha sauti ikamshuka.

"Wanangu, tangu mke wangu, mama Hana, ahamishiwe kazi Manyoni, nyumbani naongea na kuku. Na kuku wenyewe wananikimbia."

Hapo hakuna aliyecheka. Baraza likakaa siku hiyohiyo. Jiwe likarudishwa mahali pake, na ubaoni, kwenye zamu za jioni, ikaongezwa moja: kufagia, kuchota maji, kumsikiliza Mwalimu.

Jioni Ritha na wenzake wawili wakapiga hodi nyumbani kwake. Wakakaa mkekani, wakakunja mikono, wakasubiri.

"Haya Mwalimu," Ritha akasema, "ongea tu. Huku hakuna jiwe."

Mwalimu akakohoa, akafungua kinywa. Maneno yote, ya nidhamu na ya alizeti, yakamtoroka. Machozi yakamlengalenga.

"Mmekula?" akauliza.