Nilikimbia Uganda nikaja kufundisha English Mukurweini, na barua ya mke wangu ikakaa ofisini wiki tatu

Wakuu, nawasalimu kutoka Mukurweini, Nyeri, ambako baridi ya mwezi huu imeamua kutumaliza sisi wazee.

Juzi kuna mwanachama aliuliza humu. Amepata kazi ya kufundisha English nje ya nchi, anataka kujua maisha ya ugenini yakoje. Mkamjibu mambo ya visa na majaketi. Sawa. Mimi nitamjibu jambo lingine.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Na pale nilipokosa nitasema nilikosa.

Mimi ni Muganda. Kiswahili niliokota hapa hapa nikiwa mtu mzima, so mkiona makosa mnivumilie.

Miaka ya sabini, jeshi likiwa limeshika nchi kwetu, nilikuwa nafundisha secondary moja karibu na Kampala. Siku moja saa nne asubuhi askari waliingia staffroom wakamchukua mwenzangu wa History. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Mmoja wao akamwambia akiweke tu mezani, atakikuta.

Hakurudi.

Wiki hiyo hiyo nikasikia jina langu pia limetajwa.

Mke wangu Justine alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kupita naye vichochoroni hadi mpakani haikuwezekana. Tukakubaliana nitangulie Kenya, nipate kazi, halafu nimwite. Nilimwambia, "Nipe miezi mitatu."

Tukakubaliana na jambo lingine. Barua zilikuwa zinafunguliwa. Kwa hivyo asiandike jina langu kwa bahasha. Aandike Peter Mukasa, kama mtu anayemwandikia binamu yake.

Kenya walikuwa wanatafuta walimu, hasa zile shule za harambee ambazo wazazi walijijengea wenyewe. Hedimasta wa hapa, mzee mpole sana, alinisikiliza dakika kumi akaniuliza nitaanza lini. Nikamwambia siri ya Peter Mukasa.

Yeye peke yake.

Nilipata room ya mbao kwa mjane mmoja, Mama Gathoni, katikati ya kahawa yake. Nilifika July. Ukungu asubuhi, ukungu jioni, na mimi na koti moja jepesi la Kampala.

Cha kuchekesha, ndizi zilikuwa kila mahali. Lakini hapa zilipondwa pamoja na maharagwe na viazi, si kama zetu za kufungwa kwa majani. Siku ya kwanza Mama Gathoni aliniletea sahani imejaa. Nilikula, nikatoka nje kama mtu anayeenda kunawa. Kumbe naenda kulia.

Darasa je? Form Two, wanafunzi arobaini na kitu.

Mnajua Wakikuyu L inawasumbua, na sisi Waganda tunachanganya R na L kivyetu. Niliandika "rice" ubaoni nikasoma "lice", yaani chawa. Darasa likaanguka kicheko. Nikamwambia msichana mmoja wa mbele asome sentensi inayofuata. Akasimama, akasoma kwa heshima zote, "The rorry is furr of mirk."

Hapo nikacheka mimi. Hiyo ndiyo siku moja nzuri naikumbuka ya term ile.

Walimu wenzangu hawakuwa wabaya. Lakini staffroom iliongea Kikuyu, mimi naongea na gazeti. Wakiniuliza kama nimeoa, nasema bado.

Mnaona? Hapo ndipo nilianza kukosa.

Nilikuwa naona aibu. Mwanaume mzima ameacha mke na mimba akakimbia, utaanzia wapi kueleza? Nilitaka wanione mwalimu, wasinione mkimbizi.

Hata Mama Gathoni nilimdanganya. Aliniuliza, "Mwarimu, wewe uko na bibi?"

"Bado, mama."

"Ati bado? Mutu mukubwa hivi?"

Nikacheka tu.

Barua za kwanza zilifika vizuri. Hedimasta alikuwa ananiita, ananipa kitabu, barua iko ndani. Ya pili ilisema tumepata msichana, anaitwa Nakku, na kwamba watakuja akikua kidogo. Nilisimama nyuma ya darasa nikiisoma, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia mimi ni baba.

Kisha hedimasta akapewa transfer. Akaja mwingine, na karani mpya. Huyu hedimasta mpya nilimsikia kwa staffroom akisema wageni wanachukua kazi za watoto wetu. Nikajiambia nitamweleza habari ya Peter Mukasa wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi, mwezi ukawa term nzima.

Barua zikaisha. Niliandika mara tatu, kimya. Nikaanza kuwaza mabaya. Nilipunguza kula, nikawa mkali darasani bila sababu.

Ijumaa moja mchana niliingia ofisini kuchukua chaki. Karani alikuwa anapanga makaratasi.

"Mwalimu, hebu nisaidie," akasema. "Wewe unajua watu wa kwenu. Huyu Peter Mukasa ni nani? Barua yake imekaa hapa wiki tatu. Jumatatu nairudisha posta."

Nikamwambia ni mimi, nikaichukua nikaifungua pale pale.

Justine aliandika kwamba kaka yake atamleta na mtoto mpaka Busia, upande wa Kenya. Watanisubiri sokoni kwa mama mmoja anayeuza samaki. Jumamosi na Jumapili tu, kwa sababu kaka lazima arudi.

Jumamosi hiyo ilikuwa imepita wiki mbili.

Nilirudi nyumbani. Mama Gathoni alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwambia yote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Aliacha maharagwe.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ningekuwa naenda hiyo ofisi kira siku kuuriza."

Nikamwambia niliona aibu.

"Mzee yangu irichukuriwa wakati ya Emergency, ire ya Mau Mau. Mpaka reo sijui arizikwa wapi. Yangu haikurudi, mwarimu. Yako irikuja mpaka mrango." Akainuka, akaniletea blanketi lake. "Enda. Enda sasa."

Nilifika Busia kesho yake. Yule mama wa samaki aliwakumbuka.

"Si siku mbili," akasema. "Alikaa nne. Mtoto alikuwa na homa. Kila gari likisimama, na yeye anasimama. Siku ya mwisho akaniambia, labda watu wa huko Nyeri wamempa mke. Akavuka kurudi kwao."

Nilitembea mpaka nikaona kizuizi cha mpaka, na askari wa upande wetu wamekaa kwenye viti. Nilisimama pale karibu saa nzima.

Wakuu, sikuvuka. Niliogopa. Nilipanda basi nikarudi kufundisha.

Serikali ile ilipoanguka nilienda nyumbani. Nilimkuta Justine upande wa Masaka, kwa nyumba ya mwanaume mwingine, mtu mtaratibu, fundi wa baiskeli. Tuliongea tumesimama uani. Nakku alinichungulia akiwa amejificha nyuma ya mguu wa yule fundi, akimwita taata, yaani baba.

"Nilijua umenisahau," Justine akasema.

Nikamweleza kwamba barua ilikaa ofisini kwa sababu hawakujua hilo jina ni langu.

Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Ulikaa nao mwaka mzima. Ni ofisi gani hiyo haijui mwalimu wake?"

Niliaga nikatoka uani.

Nilirudi Mukurweini kwa sababu ndipo nilipokuwa na kazi na kitanda. Nikafundisha hapa mpaka nikastaafu. Sikuoa tena. Watu walidhani ni mambo ya kanisa.

Miaka mingi baadaye nilipata barua kutoka kwa Nakku, mtu mzima tayari. English safi, hakuna kosa hata moja. Alihitaji sahihi yangu kwa karatasi fulani za kuzaliwa. Ilianza, "Dear Sir."

Nilitia sahihi siku hiyo hiyo.

Sasa wewe mwanachama unayesafiri. Baridi utaizoea, chakula utakizoea, hata wanafunzi wakicheka matamshi yako utazoea. Lakini usikae ugenini ukiwa mtu ambaye hakuna anayemjua. Tafuta mtu umwambie ukweli wako wote, hata ule wa aibu. Waambie wawili ikiwezekana, kwa sababu mmoja anaweza kupewa transfer.

Waliowahi kufundisha mbali na kwao, semeni yenu. Na mkiona nilistahili kulaumiwa, laumuni tu. Nitasoma zote, polepole, macho si yale ya zamani.